Treina za zamani za elektroniki: ipi ufufue, ipi uigeuze, ipi uivunje spea

Chuo kikihamisha karakana, au stoo ikijaa hadi mlangoni, vitu vya kwanza kutolewa nje ni yale masanduku ya kufundishia elektroniki: bati au plastiki ngumu, bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia saketi bila kulehemu) usoni, safu ya taa ndogo, swichi, nobu mbili tatu na mchoro wa saketi uliochapwa juu ya paneli. Vyuoni huitwa treina. Dar es Salaam zinaingia mtaani kwa njia tatu: minada ya mali chakavu ya taasisi, makontena ya mtumba, na wanunuzi wa skrepa wanaopima kwa kilo kabla fundi hajafika. Muuzaji mara nyingi hajui anachouza. Atataja bei ya juu kwa sababu mashine ina nobu nyingi, au ataitupa kwa sababu haina skrini.

Tuseme msimamo wetu mapema. Usinunue treina kwa ajili ya somo lililochapwa usoni. Nunua kwa ajili ya pawasaplai, sanduku na soketi zake. Somo likiwa bado hai, hiyo ni nyongeza. Kitabu cha mazoezi karibu kila mara kimeshapotea, na bila kitabu nusu ya paneli ni mapambo. Lakini transfoma nzuri ya shaba, sanduku lililotobolewa vizuri na soketi ishirini za milimita 4 ni vitu ambavyo ukivinunua vipya kimoja kimoja Kariakoo, utashangaa jumla yake.

Soma mgongo kabla ya uso

Geuza mashine. Kibandiko cha nyuma kina namba tatu zinazoamua kila kitu: volti, Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na VA au wati (uwezo wake). Umeme wetu ni volti 230, 50 Hz. Treina za Feedback (Crowborough) na LJ (Norwich) za Uingereza, Lucas-Nülle na Leybold za Ujerumani, De Lorenzo na Elettronica Veneta za Italia, kwa kawaida zimeandikwa 220 hadi 240 V, 50 Hz, na hazina shida. Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, na Lab-Volt ya New Jersey ni za Marekani: tarajia 120 V, 60 Hz mpaka kibandiko kiseme vingine. K&H ya Taiwan huja kwa namna zote mbili. Vya Japani ni 100 V, na mara nyingi vimeandikwa 50/60 Hz.

Wengi hutazama volti na kuiruka Hz, wakisema stepdauni, transfoma ya kushusha volti, itamaliza kazi. Haimalizi. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 Hz, ukiilisha volti 120 zilezile kwa 50 Hz, sumaku ya ndani ya chuma chake hupanda kwa asilimia 20. Kama mtengenezaji alibana chuma, transfoma itanguruma, itachemka, na baada ya saa mbili utasikia harufu ya vanishi. Dawa yake ni kupunguza volti kwa uwiano uleule: 120 mara 50 gawa kwa 60, unapata 100. Kwa hiyo treina ya Marekani ya 120 V, 60 Hz huishi vizuri zaidi kwenye stepdauni yenye tundu la 100 V, ile inayouzwa kwa ajili ya vyombo vya Japani, kuliko kwenye tundu la 110 au 120. Ndani regyuleta (vipande vinavyotuliza volti) zitapata volti pungufu kidogo, na kwa kawaida zinavumilia. Jua pia kwamba stepdauni nyingi za bei nafuu ni za koili moja: zinapunguza volti lakini hazikutengi na laini ya TANESCO.

Kama kuna swichi ya 115/230 nyuma, itazame kabla ya plagi. Halafu itazame fyuzi, kwa sababu fyuzi ya upande wa 115 ni kubwa karibu mara mbili, na aliyehamisha swichi kwa kawaida hakubadili fyuzi. Kioo kifupi cha 5 × 20 mm ni cha Ulaya. Kirefu cha 6.3 × 32 mm ni cha Marekani na Uingereza ya zamani. Herufi T ni ya kuchelewa, F ni ya haraka. Treina yenye transfoma kubwa ya mviringo ikiwekewa F italipua fyuzi kila inapowashwa, na mtu atahukumu kuwa ina shoti.

Rangi za waya nazo zina mtego wa kuua. Brauni ni laini, bluu nyutro, kijani-njano ardhi: huo ndio utaratibu wa sasa. Chombo cha Uingereza cha kabla ya miaka ya 1970 kina nyekundu kwa laini, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ardhi. Chombo cha Marekani kina nyeusi kwa laini, nyeupe kwa nyutro, kijani kwa ardhi. Fundi aliyezoea nyeusi kuwa nyutro akifunga plagi ya pini tatu kwenye treina ya Marekani, swichi na fyuzi zinabaki upande wa nyutro: ukizima, ndani bado kuna umeme. Usiamini rangi peke yake. Weka mita kwenye omu, fuata waya unaoingia kwenye fyuzi. Huo ndio laini.

Umri wa mashine utausoma kwenye aisi, vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi. Tafuta tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za wiki. 8412 ni wiki ya 12 ya mwaka 1984. Chukua tarehe mpya kuliko zote ndani ya sanduku. Mashine haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko aisi yake changa, isipokuwa imewahi kufunguliwa. Angalia usichanganye: 7408 na 7432 huweza kuwa tarehe, na huweza kuwa jina la geti za AND na OR. Herufi zilizotangulia ndizo zinazotofautisha, SN7408 au 74LS08. Mwanafunzi aliyetafuta aisi "7432" akaletewa chochote kilichotengenezwa Agosti 1974 hana wa kumlaumu.

Aina tano ubavu kwa ubavu

| Aina | Utaijua kwa | Kinachokufa kwanza | Ushauri |
|---|---|---|---|
| Analogi | volti + na − za kugeuza, jenereta ya mawimbi, bredibodi | nobu zinazokwaruza, kapasita kubwa | fufua |
| Dijitali | swichi 8, LED 8, saa ya 1 Hz, aisi za pini 14 na 16 | bredibodi iliyolegea, swichi za kusukuma | fufua, au geuza pawasaplai |
| Maikroprosesa | vitufe vya heksa (0–9 na A–F), namba nyekundu 6, aisi ya pini 40 | betri iliyovuja, EPROM iliyosahau | nunua ikiwaka tu |
| Paneli za fremu | bamba za urefu wa A4, alama kubwa za saketi | paneli za kati zilizopotea | chagua paneli, acha fremu |
| Osiloskopu na mita | skrini ya kioo, sindano | swichi za kuchagua, betri | inategemea, soma chini |

Analogi dhidi ya dijitali, ukiwa na pesa ya moja

Chukua analogi. Sababu si ya kimasomo. Treina ya analogi lazima iwe na volti chanya na hasi, maana op-ampu (aisi ya kukuza mawimbi) kama 741 hulishwa kwa kawaida ±15 V. Kwa hiyo ndani kuna transfoma yenye ncha ya katikati au koili mbili, regyuleta mbili na kapasita za pande zote mbili. Hata kama jenereta ya mawimbi imekufa, umeshapata pawasaplai ya pande mbili, na hiyo haipatikani kirahisi madukani kwa bei ya mtumba. Treina ya dijitali ya kizazi cha TTL (aisi za mfululizo wa 74) ina volti 5 tu, pengine na 12 kidogo. Ukiivunja unapata kidogo zaidi ya chaja ya simu yenye sanduku zuri.

Dijitali inashinda mahali pamoja, kwenye kufufuliwa. Karibu kila aisi imekaa kwenye soketi, spea zake zimejaa mjini, na kosa linaonekana kwa macho. Utaratibu wa kuikagua ni mfupi. Pima 5 V kwanza: chini ya 4.75 au juu ya 5.25, usiendelee, TTL haina uvumilivu nje ya hapo. Toa waya kwenye 5 V, gusa kiingilio cha kila LED, zote ziwake. Peleka saa ya 1 Hz kwenye LED moja uone inapepesa. Bonyeza swichi ya kusukuma huku umeiunganisha na kihesabu cha 7490 au 74LS93: ikihesabu mbili au tatu kwa bonyezo moja, saketi ya kuondoa mtetemo wa swichi imekufa, na mara nyingi ni 7400 moja tu. Kiingilio cha TTL kilichoachwa wazi husomeka kama 1, kwa hiyo LED inayowaka bila waya kwenye baadhi ya mashine si ubovu.

Kama aisi ni za familia ya 4000, habari hubadilika: zinafanya kazi kuanzia 3 V hadi 15, hazijali sana volti, lakini haziwezi kuachwa na viingilio vinavyoelea, na kidole kikavu chenye umeme wa nailoni kinaweza kuziua. Kwa bahati hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha kupunguza tatizo hilo. Unyevu huohuo ndio unaokula soketi.

Bredibodi ndiyo inayodanganya kwenye zote mbili. Uso ni mweupe, matundu yako sawa, lakini ndani vibanio vimetanuliwa na miaka ya wanafunzi kuingiza ncha za mita na miguu ya dayodi nene. Jaribu kwa waya mmoja mgumu wa 0.5 mm, ule wa ndani ya kebo ya mtandao. Uingize, igeuze treina kichwa chini. Waya ukidondoka, safu hiyo imekwisha. Usihangaike kuinyoosha, nyingi zimegandishwa kwa gundi ya mgongoni, unaibandua kwa kisu chembamba na kuweka mpya ya matundu 830. Unapotafuta waya za kuunganishia, kwangua kipande cha kebo kwanza: shaba tupu inabaki nyekundu, aluminiamu iliyopakwa shaba inaonyesha weupe, na hiyo huvunjikia ndani ya tundu.

Maikroprosesa: mashine nzuri, dau baya

Hizi ndizo zinazomvutia mtu kwa macho. Heathkit ET-3400 yenye Motorola 6800, SDK-85 ya Intel yenye 8085, na jamii nzima ya mashine za Z80 zilizofuata. Unaandika msimbo kwa vitufe vya heksa, namba kwa namba, na unaona prosesa ikitii. Kwa kufundisha kinachotokea ndani ya kompyuta, hatujaona kifaa kinachozishinda. Kwa kununua kutoka kwenye rundo bila kuwasha, ni dau baya.

Ubovu wake hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni betri ya NiCd iliyolehemiwa kwenye bodi kutunza kumbukumbu. Ikivuja, uchafu wa kijani na mweupe hutambaa chini ya soketi na kukata njia za shaba nyembamba kama unywele. Kata betri, sugua kwa mswaki wenye siki au ndimu, suuza kwa maji kidogo, halafu spiriti, anika siku nzima kwenye kivuli chenye upepo, kisha fuata kila njia kwa mita. Njia zilizokatika zikizidi kumi, acha.

Ya pili ni EPROM, ile aisi yenye dirisha la kioo ambayo ndani yake kuna programu ya kuamshia mashine. Dirisha lazima lifunikwe. Stika ikibanduka na bodi ikakaa dirishani miaka, mwanga hula data polepole. Ikiwa imefutika na ni 2716, usihangaike kuiandika upya: inataka volti 25 na vichomeo vingi vya kisasa haviziwezi. Chukua 28C16, aisi ya kumbukumbu inayofutwa kwa umeme, andika humo nakala ya programu, ichomeke palepale. Pini 21, ambayo kwenye 2716 hupewa 5 V wakati wa kusoma, kwenye 28C16 ni pini ya kuruhusu kuandika, na ikiwa juu hairuhusu. Inakubaliana bila kugusa waya. Ila nakala uwe nayo. Ukikutana na mashine nzima inayowaka, kazi ya kwanza kabla ya chochote ni kusoma EPROM zake na kuhifadhi.

Ikishindikana, vitufe na namba za LED zinatumika na maikrokontrola yoyote ya kisasa. Hizo tu. Sehemu nyingine za bodi hazina thamani ya kuzivunja.

Paneli na fremu

Tupite haraka. Mfumo wa Kijerumani na Kitaliano hupanga paneli za urefu wa 297 mm kwenye fremu ya aluminiamu, kila paneli kazi yake: rilei, kontakta, taa, mota, simu. Mtu huuziwa fremu nzima yenye mapengo. Paneli za simu na mawasiliano bila wenzake hazifanyi lolote. Za rilei na kontakta za 24 V, vitufe vya rangi na taa, chukua zote. Kwa anayefundisha waya za viwandani ni dhahabu. Za umeme wa njia tatu zenye soketi za wazi za 4 mm zisizo na kikinga cha plastiki, usiziweke mbele ya mwanafunzi: zinabeba volti 400 na kidole kinaingia.

Osiloskopu na mita

Osiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, ya 20 MHz ya miaka ya 1980, mfano wa Hameg HM203 au Hitachi V-212, ikiwa na mstari mkali na swichi zisizokwaruza, bado inatosha kwa redio ya AM, pawasaplai, sauti na dijitali ya polepole. Ukiilinganisha na zile ndogo mpya za mfukoni, ya zamani ina skrini isiyochelewa na viingilio viwili halisi. Mpya inahifadhi picha na haina volti elfu mbili ndani. Kwa fundi wa simu na bodi, ya mfukoni. Kwa darasa, ya zamani. Kagua hivi: washa, subiri dakika tano, punguza mwanga. Nukta ikiwa na mviringo wa ukungu hata baada ya kurekebisha fokasi, tyubu imechoka na haina tiba. Mstari ukirukaruka unapogeuza swichi ya volti, ni uchafu, na dawa ya kusafishia swichi inauondoa. Ncha nyeusi ya probu imeunganishwa na ardhi ya plagi. Ukiibana kwenye chombo kisicho na transfoma ya kutenga, utapata shoti ya TANESCO kupitia osiloskopu yako.

Mita ya sindano kama AVO 8 ni nzuri kufundishia, nzito kubeba, na mara nyingi inauzwa kama imekufa kumbe betri yake ya 15 V ya kipimo cha juu cha omu haipo. Ikiwa na ukinzani wa omu 20,000 kwa kila volti, kwenye kipimo cha 10 V inakuwa kilo-omu 200, wakati mita ya kidijitali ya kawaida ni mega-omu 10. Ndiyo maana hizo mbili hutofautiana kwenye saketi dhaifu, na zote ziko sahihi.

Kuiwasha mara ya kwanza

Usichomeke moja kwa moja. Tengeneza ubao wenye balbu ya waya ya wati 60, ile ya zamani ya kioo, ikiwa kwenye mfululizo na laini. Balbu ya LED au ya kubana matumizi haifai. Haizuii mkondo kwa namna hiyo. Plagi ya treina inakuja baada ya balbu.

Ukiwasha, balbu iangaze kidogo kwa sekunde moja wakati kapasita zinajaa, halafu ififie. Ikibaki nyekundu hafifu, pima volti za ndani, huenda ni sawa. Ikiwaka kikamilifu, kuna shoti: zima, ng'oa nyaya za upande wa pili wa transfoma, jaribu tena. Balbu ikififia sasa, kosa liko kwenye dayodi au kapasita. Ikiendelea kuwaka, ni transfoma yenyewe.

Kwenye kiingilio cha umeme angalia kapasita ya karatasi iliyofunikwa kwa plastiki ya rangi ya asali, yenye nyufa ndogo kama za tope kavu. Unyevu wa pwani huingia kwenye nyufa hizo. Mashine huwaka vizuri nusu saa, kisha chumba kinajaa moshi mkali. Ing'oe kabla, weka mpya ya aina ya X2, 275 V AC, thamani ileile. Kapasita ya kawaida ya volti 400 DC si mbadala wake.

Kuigeuza: kutoka treina mfu hadi pawasaplai ya mezani

Hapa ndipo faida ilipo, basi tuende taratibu.

Tambua koili kwanza. Transfoma ya VA 30 hivi, upande wa 230 utasoma omu makumi kadhaa hadi mia na kitu. Upande wa pili utasoma omu moja au chini. Ukikuta koili mbili sawa za upande wa kwanza, ni 115 + 115: kwa umeme wetu zifungwe mfululizo, mwisho wa moja kwenye mwanzo wa nyingine. Ukikosea mwelekeo, sumaku zinafutana na balbu ya majaribio itawaka yote. Geuza koili moja. Hii ndiyo sababu balbu haiondolewi mpaka mwisho.

Tuchukue upande wa pili wa 15 V. Baada ya daraja la dayodi na kapasita unapata 15 × 1.41, yaani 21, toa kama 1.5 za dayodi: 19.5. Bila mzigo, na TANESCO ikipanda usiku, itapita 24. Kapasita ya 25 V kwa hiyo ni ya kubahatisha. Weka ya 35 V. Ukubwa wake nao una hesabu: kwa mkondo wa ampia 1, mikrofaradi 2,200 zinaacha mawimbi ya karibu volti 4.5, na 4,700 zinaacha 2 na kidogo. LM317, regyuleta ya volti za kurekebisha, inataka volti 2.5 hivi juu ya inachotoa. Fanya mwenyewe: 19.5 toa 4.5 toa 2.5, unabaki na 12.5. Kwa kapasita kubwa unafika karibu 15. Ndiyo maana pawasaplai nyingi za kujitengenezea huvuma kwenye spika zikifika 12 V: kapasita ni ndogo.

Mkondo nao usijidanganye. Transfoma iliyoandikwa ampia 1 ya AC, ikipitia daraja na kapasita, inatoa kama ampia 0.6 za DC bila kuchemka. Kama haina maandishi, ipime kwa balbu za gari za 12 V, zinapatikana duka lolote la spea: ya wati 5 inavuta kama 0.4 A, ya wati 10 kama 0.8, ya indiketa ya wati 21 inavuta 1.75. Acha ikivuta saa nzima, chomoa plagi, shika chuma cha transfoma. Kama huwezi kuvumilia sekunde tano, rudi balbu moja nyuma.

Kwa LM317 weka omu 240 kati ya pini ya kutoa na ya kurekebisha, na potenshiometa ya kilo-omu 2.5 kutoka pini ya kurekebisha hadi sifuri. Utapata 1.25 hadi 14.3 V. Watu huweka kilo-omu 5 kwa mazoea ya michoro. Kwa transfoma hii nusu ya mzunguko wa nobu inakuwa bure, maana volti hazipo. Ongeza 100 nF karibu na mguu wa kuingilia, mikrofaradi 10 kwenye pini ya kurekebisha, 1 kwenye kutoa, na dayodi mbili za 1N4002 za kinga.

Halafu hitisinki (bati la kupoza), kosa linalorudiwa kuliko yote. Bamba la mgongoni mwa LM317 ni volti za kutoa. La 7805, regyuleta ya +5 V, ni sifuri. La 7912, ya −12 V, ni volti za *kuingia*. Ukizifunga zote tatu kwenye bati moja la sanduku bila karatasi ya maika na kishikizo cha plastiki cha skrubu, umeunganisha vitu vitatu visivyojuana. Baada ya kufunga, pima omu kati ya kila bamba na sanduku kabla ya kuwasha. Na hesabu joto: ukitoa 5 V kwa 0.6 A kutoka kwenye 18, wati karibu 8 zinageuka joto. Kwenye karakana ya bati Gerezani saa nane mchana, kibati kidogo cha kidole hakitoshi. LM317 itajikinga kwa kushusha volti, na fundi atabadilisha kapasita mara tatu bila kuona kosa.

Mita ya sindano ya treina, iache usoni. Soketi za 4 mm zilizooza kwa chumvi, zisugue kwa msasa laini wa namba 1000 uliozungushwa kwenye njiti, au uzibadili zote. Kubadili nusu ni kujitafutia waya unaokatika katikati ya somo.

Nani achukue nini

Mwalimu wa chuo cha ufundi mwenye wanafunzi wanane: dijitali nne zinazofanana, hata kama moja ni mbovu. Kufanana ndiko kunakokuwezesha kuhamisha spea na kuandika karatasi moja ya mazoezi. Usichanganye za Heathkit na za K&H darasani.

Fundi wa redio na spika: analogi moja, uigeuze kama tulivyoeleza, na osiloskopu ya zamani kama utaiona ikiwaka.

Kijana anayejifunza nyumbani: treina ya analogi iliyokatwa nusu bei kwa sababu jenereta haifanyi kazi. Jenereta ya mawimbi unaijenga kwa aisi ya 555 na op-ampu mbili. Ndiyo itakayokuwa somo lako la kwanza.

Na anayenunua kuvunja spea achukue transfoma, transista za 2N3055 pamoja na hitisinki zake, swichi za kuzunguka, mita, soketi. Kapasita kubwa za zamani usizirudishe kazini. Kapasita za mafuta za kabla ya miaka ya 1980 usizitoboe, kwa sababu baadhi zina mafuta yenye sumu isiyooza. Tyubu ya osiloskopu usiivunje kutafuta shaba ya shingoni, na nyaya usizichome. Zimenye kwa kisu.

Ukishaimaliza mashine, usiiweke sakafuni wala ukutani upande wa bahari. Rafu ya mbao, kifuniko cha kitambaa na si nailoni, na iwashwe saa moja kila wiki. Joto la transfoma yake yenyewe ndilo linalofukuza unyevu.